Kushoto Swichi, Kulia Taa

Zedekiah Omolo alikuwa ameshika nyaya za umeme kwa miaka kumi na tisa kabla ya mtu yeyote kugundua kwamba hajui umeme. Ugunduzi huo ulifanywa na watu wa bima, mwanzoni mwa mwaka 1984, na ulifanywa ofisini, ndani ya faili, bila mwenyewe kuitwa.

Alikuwa fundi wa kiwanda kimoja cha mablanketi katika Eneo la Viwanda. Alianza pale kama mfagiaji, akapandishwa cheo kuwa mshika ngazi wa fundi wa umeme, mzee wa Kihindi aliyekuwa na neno moja la Kiswahili alilolipenda kuliko mengine yote: "Pima." Ukitaka kugusa waya, pima. Ukishaugusa, pima tena. Umemaliza kazi, taa inawaka, kila mtu ameridhika? Pima. Mzee huyo alipohamia Uingereza mwaka 1968 alimwachia Omolo ngazi, kazi, na testa yake: bisibisi yenye kijitaa ndani ya mpini, ambacho hung'aa ncha ikigusa waya wa moto, ule unaoleta umeme, na hubaki kimya ikigusa nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme ulikotoka. Tangu siku hiyo testa ilikaa katika mfuko wa shati la Omolo, mahali ambapo makarani huweka kalamu. Hata kanisani alienda nayo.

Mashine za kiwanda zilizunguka. Hakuna aliyekufa. Huo ndio ulikuwa ushahidi wote wa elimu yake, na kwa miaka kumi na tisa ulitosha.

Kisha kiwanda kingine, ng'ambo ya barabara, kikaungua, na watu wa bima wakawaandikia majirani wakitaka kujua nyaya zao zinashikwa na nani. Dubow, karani wa wafanyakazi, alimwita Omolo ofisini akamsomea barua.

"Kila fundi wa umeme awe na cheti, Gredi ya Pili. Mwisho wa mwaka huu. Asiye nacho hagusi waya."

"Na mimi?"

"Wewe uko nacho?"

"Bwana Dubow, hiyo feni alikutengenezea nani?"

Dubow aliitazama feni iliyokuwa ikimpepea. "Ni wewe, na nashukuru. Lakini mzee, mimi siulizwi kama unajua. Naulizwa kama uko na karatasi. Ukikosa, wameniambia nikurudishe kwa ufagio."

Kurudi kwa ufagio hakukuwa kufagia tu. Vyumba viwili alivyokaa Omolo kule Kariobangi, pamoja na mkewe Rispa na watoto wanne, vilikuwa vya kiwanda, na kiwanda kilivitoa kwa mafundi. Wafagiaji walijitafutia pa kulala.

Omolo hakuogopa. Alikwenda kufanya mtihani wa mwezi wa tatu akiwa na utulivu wa mtu anayekwenda kuulizwa jina lake.

Chumba cha mtihani kilikuwa na meza kumi. Juu ya kila meza palikuwa na skrubu mbili za shaba, moja kushoto na moja kulia, ambapo umeme uliingia, swichi moja, holda moja yenye balbu, na vipande vya waya, vyote vya rangi ya kijivu kwa sababu rangi nyingine zilikuwa zimekwisha stoo miaka kadhaa nyuma. Kazi ilikuwa kuunganisha taa iwake na kuzimwa kwa swichi. Ukutani ulibandikwa mchoro, umepauka kwa jua: skrubu ya kushoto iende kwenye swichi, ya kulia iende kwenye taa.

Omolo alifungua umeme wa mezani akapima. Skrubu ya kushoto ilinyamaza. Ya kulia iling'aa. Mtu fulani, zamani, wakati wa kupaka chumba rangi au kuhamisha meza, alikuwa amezirudisha nyaya za meza zote kinyume, na hakuna aliyejua, kwa sababu taa haijali. Taa huwaka swichi ikikaa kwenye waya wa moto, na huwaka vilevile swichi ikikaa kwenye nyutro. Tofauti huonekana taa ikizimwa. Swichi ikikata waya wa moto, holda inakuwa mfu na unaweza kubadilisha balbu huku unaimba. Swichi ikikata nyutro, taa inazimika lakini moto unabaki pale pale juu, unasubiri kidole.

Basi Omolo akaunganisha skrubu ya kulia kwenye swichi, kama mtu yeyote mwenye akili. Taa ikawaka. Mtahini, mtu wa makamo mwenye sweta ya kijivu na chupa ya chai ambayo hakuiacha mbali, alipita na karatasi yake ya maksi, akatazama taa, akatazama skrubu, akaandika kitu.

Kwenye meza ya pili alisimama Naftaly Ngigi, jirani yake Omolo wa Kariobangi, mtu aliyeuza ngozi za mbuzi sokoni Kiamaiko mpaka mwezi wa kwanza, ndipo akaona kwamba nyumba za kupangisha zinaota mtaa wa Huruma kama uyoga na kila moja itataka taa. Naftaly alifanya kazi yake akinong'ona kama mtu anayesali. Alimaliza kwa dakika sita.

Matokeo yalitoka baada ya majuma matatu. Naftaly Ngigi, amefaulu. Zedekiah Omolo, ameshindwa: hakufuata mchoro.

Alirudi mwezi wa saba. Safari hii, mtahini alipofika mezani kwake, Omolo alikuwa anamngoja na testa mkononi.

"Bwana mkubwa, ningependa uone kitu kidogo."

"Hii ni mtihani, si maonyesho."

"Hapa kushoto hakuna moto. Tazama. Moto uko kulia."

Mtahini hakutazama kijitaa, alitazama karatasi. "Mchoro unasema kushoto kwa swichi."

"Mchoro unataka moto uende kwa swichi, bwana. Kushoto ni upande tu."

"Hao wengine wote wamefanya kushoto. Taa zao hazijawaka?"

"Zimewaka."

"Basi shida iko wapi?"

"Zizime, halafu uguse holda."

Mtahini alimimina chai kidogo kwenye kifuniko cha chupa, akainywa yote, akasema kwa upole kabisa, "Mzee, nimesimamia mtihani huu miaka tisa. Wewe unarudia mara ya pili. Kati yetu, nani anahitaji kufundishwa?"

Hilo lilikuwa swali lenye jibu, lakini Omolo alilelewa vizuri. Karatasi ya matokeo ilisema: hakufuata mchoro, na kisha, kwa wino mwingine, ana kiburi.

Mwaka ule mvua zilikuwa zimekataa, na mji mzima ulikula unga wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo. Rispa aliweka sahani mezani, mume akaitazama sima ya rangi ya embe bila kuigusa.

"Baba Aoko," akasema Rispa, "mimi sijui umeme. Lakini huo mkono wa kushoto umekukosea nini?"

"Haujanikosea. Ni uongo tu."

"Uongo wa nani? Si wao ndio wanauuliza? Mtu akikuuliza uongo, unamjibu, unakuja nyumbani."

"Na mtu akiunganisha hivyo nyumbani kwa watu?"

"Nani ataunganisha hivyo nyumbani kwa watu, na wamepasi mtihani?"

Jibu lilikuja mwezi wa tisa, kutoka Huruma.

Nurto alikuwa mama wa makamo aliyefanya biashara ya mbuzi Kiamaiko, na kutokana na mbuzi alikuwa amejenga nyumba ya ghorofa mbili yenye vyumba kumi na viwili. Naftaly ndiye aliyeiwekea umeme, kazi yake ya kwanza, na hata picha alipiga mbele yake. Katika chumba namba tisa alikaa Wakiuru, mshonaji wa sare za shule. Jioni moja balbu yake iliungua. Alizima swichi, kama kila mtu anavyofundishwa, akapanda juu ya stuli, akashika fremu ya dirisha ya chuma asianguke, na kwa mkono wa pili akasukuma balbu mpya ndani ya holda. Kidole kiligusa shaba. Majirani walisikia stuli ikianguka, kisha cherehani, kisha Wakiuru.

Aliungua vidole viwili na kuvunjika mkono wa kulia, ule wa kushika mkasi.

Naftaly alifika kwa Omolo asubuhi ya pili, amevaa shati la jana.

"Jirani, kuja unisaidie kuangalia. Mimi nilifanya kila kitu sawa. Taa zote ziliwaka!"

Omolo alikwenda. Alifungua kasha la kuunganishia nyaya katika chumba namba tisa, akapima, akafungua la namba nane, akapima, akashuka ngazi.

"Naftaly, ulijuaje waya wa moto?"

"Kushoto."

"Kushoto?"

"Kushoto swichi, kulia taa." Alilitamka kwa mahadhi, kama mtoto wa darasa la kwanza. "Hivyo ndivyo tulifundishwa kwa ubao wa Njogu, yule wa kufunza watu mtihani. Kwani sivyo?"

"Hapa waya wa moto ni mwekundu na nyutro ni nyeusi. Hukuona?"

"Niliona. Nikasema, sasa hawa wameweka rangi za nini? Kwa mtihani hakukuwa na rangi."

Naftaly hakuwa mjinga. Alikuwa amejifunza kwa bidii kila kitu alichoulizwa. Nyaya za nyumba ile ziliingia kila chumba nyutro ikiwa kushoto, na vyumba vyote kumi na viwili vilikuwa vimepata Gredi ya Pili pamoja naye.

"Si tubadilishe tu pale chini kwa fyuzi, ngoma iishe?" akauliza Naftaly.

"Fyuzi itakaa kwenye nyutro. Siku ikikatika, taa zitazima, na moto utabaki ndani ya vyumba vyote. Lazima kila kasha lifunguliwe."

Walimkuta Nurto zizini, Kiamaiko, ameinamia beberu, vidole vimezama mgongoni mwake. Alimsikiliza Omolo mpaka mwisho bila kumwachia mnyama.

"Wewe ndiye utarekebisha?"

"Ndiyo, mama. Jumapili mbili."

"Cheti kiko wapi?"

Naftaly, akitaka kusaidia, alisema, "Mama, huyu ndiye anajua. Mimi niko na cheti, lakini huyu ndiye anajua."

Nurto aliwatazama wote wawili kwa zamu. "Nimesikia huyu ameanguka mara mbili. Kweli ama uongo?"

"Kweli," akasema Omolo.

"Mwenye cheti ameunguza mpangaji wangu. Sasa mnaniletea asiye na cheti. Akiunguza wa pili, polisi watauliza Nurto ulimwachia nani nyumba, nitasema nini? Nilimwachia mtu aliyeshindwa mtihani?"

"Mama," akasema Omolo, "huyo mbuzi unayemnunua, naye ana cheti?"

"Mbuzi namshika mgongo, najua. Wewe nikushike wapi?"

Swali hilo hata wasomi wakubwa hawajalijibu mpaka leo. Nurto akasema vyumba vitakaa bila umeme mpaka fundi mwenye cheti, asiyekuwa Naftaly, apatikane. Wapangaji walivumilia siku nne, kisha mmoja akarudisha fyuzi mwenyewe, na vyumba vikawaka tena, kila kimoja na moto wake umekaa juu unasubiri.

Kwa hiyo mwezi wa kumi Omolo alikuwa akihitaji karatasi ile kwa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa nyumba yake. Ya pili ilikuwa vyumba kumi na viwili vya Huruma. Na ili apewe ruhusa ya kuondoa kosa lile Huruma, ilimpasa kwanza alifanye mezani, mbele ya mtahini, vizuri, kwa moyo mweupe. Alilifikiria jambo hilo kutoka kila upande, akaona ni la kweli kutoka pande zote. Akaenda kwa Njogu.

Njogu alikuwa na kibanda cha mabati nyuma ya soko la Kariobangi. Zamani alitengeneza redio. Siku hizi alikuwa na ubao: meza ya mtihani yenyewe, imenakiliwa mpaka mkwaruzo, na skrubu zake mbili, na nyaya zake za kijivu. Kila Jumamosi wanaume kumi na watano walipanga foleni kuunganisha taa ileile, tena na tena, wakiimba polepole, "Kushoto swichi, kulia taa, katikati usiguse." Njogu alikaa kwenye kreti ya soda na saa mkononi.

"Ah, Omolo wa mablanketi," akasema. "Mtu wa kiburi. Ilisomwa mpaka huku. Haya, tuone."

Omolo alichukua waya. Mkono wake ulikwenda mfukoni, ukatoa testa.

"Hapana! Hiyo nini?"

"Napima."

"Unapima nini? Hapa hatupimi. Leta hiyo kitu." Njogu aliichukua testa, akaitia ndani ya kopo la misumari. "Hii ndiyo inakupoteza. Ukipima unajua, ukijua unaanza kuwaza, ukiwaza unaanguka. Hawa vijana wangu wanapasi kwa nini? Kwa sababu hawana shida. Shida yako wewe, mzee, ni kwamba unajua."

Wanaume walicheka. Omolo pia alicheka, akajaribu. Mkono ulikwenda kulia. Akaurudisha. Mara ya tano ulikwenda kulia tena.

"Imba," akasema Njogu.

"Mimi ni mtu wa miaka arobaini na sita."

"Mkono hauna miaka. Imba."

Akaimba. Jumamosi ya kwanza alikosea mara kumi na moja. Ya pili, mara nne. Ya tatu aligundua, akiwa njiani kurudi nyumbani, kwamba alikuwa ameunganisha taa mara thelathini bila kuuliza moto uko wapi hata mara moja, na kila mara alimalizia pale Njogu alipotaka: taa ikiwaka, inua mikono, ondoka mezani. Jumamosi ya nne Njogu alimrudishia testa yake na kusema, "Sasa wewe ni mwanafunzi."

Mtihani wa mwezi wa kumi na moja ulichukua dakika saba. Mtahini wa sweta ya kijivu alisimama mbele ya meza ya Omolo kwa muda mrefu kuliko meza nyingine. Alitazama taa. Alitazama skrubu ya kushoto. Alimtazama mwenyewe, na macho yake hayakuwa na ubaya wowote. Yalikuwa macho ya mwalimu ambaye mwanafunzi mzito amemfurahisha hatimaye.

"Sasa umeelewa," akasema.

"Nimeelewa, bwana."

"Si unaona? Ilikuwa kitu kidogo tu."

Karatasi ilikuja katikati ya Desemba. Dubow aliisoma pande zote mbili, akaitia ndani ya faili, akapiga muhuri, akainuka na kumpa Omolo mkono. "Hongera, fundi," akasema, na hakutania. Kwa mujibu wa faili Omolo alikuwa amekuwa fundi asubuhi ile. Rispa alipika kuku. Aoko, binti mkubwa, alimsomea baba yake cheti kwa sauti kuanzia juu hadi chini, na alipofika kwenye maneno yanayosema mwenye cheti hiki amethibitishwa kuwa na ujuzi, Omolo alimwomba arudie, kisha akamwambia inatosha.

Nurto aliishika karatasi ile kwa vidole vilevile vya kushikia mbuzi. "Sasa sawa. Nenda."

Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi Omolo na Naftaly walikwenda Huruma na ngazi. Wapangaji walikuwa wengi kanisani, wengine wamesafiri, funguo zao ameachiwa Nurto. Kazi ilipangwa hivi: Naftaly azime umeme wa chumba, Omolo apande, afungue kasha, atoe nyaya zote mbili, azipange upya, afunge, Naftaly arudishe umeme, taa iwake, waende chumba cha pili. Naftaly alishika ngazi kwa unyenyekevu mkubwa, na kwa kuwa kazi ilikuwa ndefu alianza kupiga mluzi. Hakuchagua mluzi gani. Ulikuwa ule wimbo wa Jumamosi, wa kwa Njogu.

Walianza namba moja saa tatu asubuhi. Taa ikawaka. Namba mbili, ikawaka. Omolo alifanya kazi haraka kuliko alivyokumbuka kuwahi kufanya. Nyaya zilijiendea zenyewe, na alipata nafasi ya kufikiria mambo mengine, kama vile kitambaa cha meza ambacho Rispa alikitaka. Kufikia saa sita walikuwa wamemaliza vyumba vinane, na Naftaly alisema kwamba kweli mtu akishapata cheti mkono unakuwa mwepesi.

Namba tisa alikuwepo mwenyewe. Wakiuru alikuwa ameketi kitandani, mkono bado umefungwa, cherehani imefunikwa kwa kanga. Aliwatazama wakifungua kasha, wakitoa nyaya, wakifunga. Naftaly alirudisha umeme. Taa ikawaka.

"Haya, mama," akasema Naftaly. "Imekwisha."

Hakuinuka. "Imekwisha vipi?"

"Si unaona inawaka?"

"Hata siku ile ilikuwa inawaka." Alimgeukia Omolo. "Baba, wewe ndiye wanasema unajua. Sasa nikizima hapa, halafu nipande juu, niguse pale nilipogusa, itanipiga ama haitanipiga?"

"Haitakupiga."

"Nitajuaje?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote aliyoulizwa mwaka ule, na Omolo alifurahi kulijibu. Alimwomba azime swichi kwa mkono wake mzima. Taa ikazima. Alipanda, akatoa balbu, akaingiza mkono mfukoni, akatoa testa. Ncha yake ilikuwa na vumbi. Aliliona vumbi hilo kabla ya kuona kitu kingine chochote.

Akagusa ndani ya holda.

Kijitaa kiling'aa.

Alitoa ncha, akaifuta kwenye suruali, akagusa tena. Kiling'aa. Naftaly aliacha kupiga mluzi.

"Inamaanisha nini hiyo?" akauliza Wakiuru.

Omolo alifungua kasha. Waya mwekundu ulikuwa kulia, umekwenda kwenye taa. Mweusi ulikuwa kushoto, umekwenda kwenye swichi. Alikuwa amezitoa nyaya za Naftaly kwa uangalifu, akazisafisha, na kwa mkono wake mwenyewe, mchana, akiwa macho, akazirudisha zilipokuwa.

"Inamaanisha ingekupiga," akasema.

"Na ulisema haitanipiga."

"Nilisema."

Alizirekebisha, polepole, akitaja kila waya kwa rangi yake kwa sauti kama mtu anayejifunza majina ya wageni. Alipima. Testa ilinyamaza. Akamwambia Wakiuru apande na kuiona mwenyewe, naye akapanda hatua mbili, akatazama, akashuka, na hakuonekana kama mtu aliyefarijika. Alikuwa ameona jambo ambalo lisingemfariji mtu yeyote.

Nje, kwenye ujia, Naftaly alibeba ngazi kuelekea namba kumi.

"Siyo huko," akasema Omolo.

"Bado tuna tatu."

"Tuna kumi na moja. Rudi namba moja."

"Lakini namba moja iliwaka!" Naftaly alimkodolea macho, kisha akaelewa, na ngazi ikamwelemea. "Jirani… ni vyumba vingapi umefanya hivyo?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sikupima."

Nurto aliwakuta mlangoni kwa namba moja, funguo mkononi, amekunja uso. Mpangaji wa chumba hicho alikuwa amerudi kutoka kanisani, amesimama nyuma yake akingoja kufunguliwa alale mchana.

"Fundi, si hapa ulishamaliza?"

"Nilimaliza, mama."

"Basi unarudia nini? Cheti si unacho?"

"Ninacho," akasema Zedekiah Omolo, akivua viatu kizingitini asichafue chumba cha watu. "Naomba unifungulie."